Lakiri ya Kitulizo

Mgeni aliingia kwenye ukurasa wa Kitulizo alasiri, ukungu wa mlima Loleza ukiwa umeshuka hadi kwenye mabati ya Mwanjelwa. Tusekile Mwambeta alikuwa peke yake katika chumba cha mazungumzo, ameshika kikombe cha chai ya tangawizi kwa mikono miwili ili apate joto. Taa ndogo ya kijani iliwaka ukutani. Maana yake mtu fulani, mahali fulani, amebonyeza neno "Nakubali".

"Kabla sijasema chochote," mgeni aliandika, na maneno yake yakatokea ukutani chini ya taa, "naomba kujua. Kuna mtu anaweza kunifuata kwa sababu nimefungua ukurasa huu?"

Swali hilo Tusekile aliulizwa na karibu kila mgeni, na jibu lake lilikuwa limekaa vidoleni.

"Hakuna. Tunakuachia kidakuzi kimoja tu, ili mazungumzo yetu yasipotee ukiondoka na kurudi. Kimetiwa lakiri. Hakuna lango litakalokisoma. Hata mimi siwezi kukisoma. Hapa pana stara."

Aliandika hivyo akiamini kila neno. Wakati huo simu za mkononi zilikuwa zimebaki vitu vya makumbusho; kila mtu alivaa kipuli sikioni, na kila ukurasa alioufungua ulidondosha humo punje ya kumbukumbu. Punje hizo ndizo vidakuzi. Ukipita langoni, iwe la stesheni, la shule au la kazini, lango lilivisoma kufumba na kufumbua, likakadiria kipimo chako cha utulivu, kisha likawaka kijani au jekundu. Aliyesoma sana habari za madeni hakupewa nyumba ya kupanga. Aliyesoma habari za kukata tamaa hakukabidhiwa chombo cha usafiri, darasa wala mtoto. Malango hayakuuliza ulisoma kwa nini. Kurasa chache tu, kama Kitulizo, ziliruhusiwa kisheria kuwa kurasa za stara: vidakuzi vyake vilibaki kimya sikioni kama mbegu isiyoota, madhali lakiri haijavunjwa.

Mgeni akaandika kwa mkupuo, kama mtu aliyefungua mlango uliokuwa umezuia maji.

Alikuwa na mtoto wa miezi minne. Baba wa mtoto alikwenda kwenye machimbo akakaa hukohuko. Yeye hakuwa amelala vizuri tangu ajifungue. Hakuweza kumwambia mtu, maana mama mwenye mawazo ya kukata tamaa akijulikana langoni huchukuliwa mtoto.

"Kila akilia," aliandika, "nasikia kama analia kwa niaba yangu."

"Sasa hivi mko wapi?" Tusekile aliuliza.

"Nimemfunga mgongoni. Tuko kwenye miti. Ukungu wa huku ni mzuri, hakuna anayeniona."

"Mnakwenda wapi?"

"Hatuendi. Tumefika."

Tusekile alikiweka kikombe chini polepole. Alikuwa ameifanya kazi hii miaka ya kutosha kujua uzito wa neno "tumefika".

"Mtoto anaitwa nani?"

"Atuganile."

"Jina zuri. Maana yake Mungu anatupenda. Nani alimpa?"

"Mama yangu."

"Mama yako anajua mko huko?"

"Mama amechoka. Nimemchosha. Sitaki kumwachia mzigo, na sitaki mtoto abaki peke yake bila mimi. Ndiyo maana nimekuja naye."

Tusekile aliandika kwa utulivu. Alimwomba aketi. Alimwomba amhamishe mtoto kutoka mgongoni amweke kifuani, ndani ya sweta. Alimwomba afungue sauti waongee. Mgeni alikataa sauti. Akaandika kwamba mtoto amelala na mikono yake imekuwa baridi. Halafu akaandika:

"Asante, mama. Nilitaka tu mtu mmoja ajue kwamba nilimpenda."

Taa ikabaki kijani. Maneno yakakoma.

Tusekile aliandika. Akangoja. Akaandika tena: "Naomba ruhusa yako nije nikutafute. Andika ndiyo tu. Hata herufi moja inatosha." Ukuta haukujibu. Akaita kikosi cha dharura, na sauti ya kijana mpole ikamwuliza namba ya kidakuzi cha mhusika.

"Sina namba. Ni ukurasa wa stara. Ni mwanamke, ana mtoto mchanga, yuko kwenye miti, huku kwetu Mbeya."

"Mama, Mbeya imezungukwa na miti," kijana alisema, na hakusema kwa kejeli. "Kuanzia Kawetere hadi Uyole ni misindano mitupu. Nikiwatuma vijana bila alama, kwenye ukungu huu watapotea wao. Kidakuzi ndicho kinachojua mtu aliko. Nipe namba, dakika chache tuko njiani."

Tusekile aliinuka, akapita ukumbi mfupi, akagonga mlango wa karakana ya shemeji yake.

*

Lugano alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa vipuli na mtu aliyeujenga ukurasa wa Kitulizo tangu msingi. Hakuwa msemaji sana. Alipomwona Tusekile mlangoni aliweka chini koleo yake ndogo kabla hajaambiwa kitu.

"Nahitaji mkono wako, shemeji," Tusekile alisema.

Lugano alielewa papo hapo. Ndani ya kabati la chuma, nyuma yake, kulikuwa na sahani ya shaba yenye upana wa sinia la chai. Hiyo ndiyo lakiri. Ilifunguka kwa viganja viwili tu, cha Tusekile na cha Lugano, vikiwekwa pamoja. Haikuwa imefunguliwa hata siku moja.

"Kuna nini?"

Akamweleza. Alieleza kwa haraka lakini bila kuruka kitu, hata lile swali la kwanza la mgeni na jibu alilopewa. Lugano alisikiliza huku akijifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kujifuta hata baada ya mikono kuwa safi.

"Haiwezekani kumfungua yeye peke yake," alisema mwishowe. "Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Wewe ndiye uliyekataa. Nilitaka kila mgeni awe na lakiri yake. Ukaniambia, mwenye ufunguo wa mtu mmoja ataombwa kesho wa mtu wa pili, na keshokutwa polisi watakuja na majina kumi. Ukasema iwe moja kwa wote, ili asitokee mtu wa kutushawishi. Nikaona una akili kunishinda."

"Lugano."

"Ukiivunja, inavunjika kwa kila aliyewahi kuingia. Malango yote yatawasoma kabla hatujafika barabarani. Nsajigwa aliyekuwa akija hapa chumbani, yule anayeendesha treni ya mlimani, kesho hataruhusiwa kushika breki. Yule mwalimu wa Iyunga. Yule binti ambaye mpaka leo mama yake hajui alifanyiwa nini na mjomba."

"Majina yao nayajua. Usinitajie."

"Nakutajia kwa sababu nao ni watu, na huyu mmoja ana bahati ya kuwa ndiye unayemsikia sasa."

Tusekile aliegemea meza. Nje, gari la matangazo lilikuwa likipita barabarani likinadi mbegu za viazi, na sauti yake ilikuja na kupotea ndani ya ukungu.

"Alikuuliza kabla hajasema," Lugano aliendelea, sasa kwa upole. "Ukamjibu. Akasema kwa sababu ulimjibu hivyo."

"Angenyamaza, angekufa na sisi tusingejua."

"Na kesho wangapi watanyamaza kwa sababu wewe ulivunja?"

Kila ambacho Tusekile aliwahi kumwambia mtu katika chumba kile kilisimama juu ya neno moja, stara. Akiliondoa, chumba kizima kilikuwa viti viwili na birika.

Ndipo ukuta wa chumba cha mazungumzo ukatoa sauti. Wote wawili wakakimbilia huko.

Haikuwa sauti ya mgeni. Huenda kipuli kilikuwa kimeguswa, labda na kidole, labda na shavu la mtoto, na sauti ikajifungua yenyewe. Ulisikika upepo kwenye misindano. Kisha kilio cha mtoto mchanga, chembamba, kilichokatika katikati kama uzi, kikaanza tena kikiwa kidogo zaidi. Halafu sauti ikajifunga.

"Huyo hakubonyeza Nakubali," Tusekile alisema. "Mama yake nilimwahidi. Wale wote niliwaahidi. Huyu hakuniomba kitu wala sikumwambia kitu, na ndiye anayekufa kwa baridi."

"Usinisukume, shemeji."

"Sikusukumi. Ukikataa sitakulaumu hadi naingia kaburini. Lakini niambie umekataa, ili nitoke nje nikaite jina lake kwenye ukungu kama mwehu, maana humu ndani sitakaa."

Lugano alirudi karakana. Tusekile alisikia mlango wa kabati la chuma. Alipomfuata, alimkuta amekwisha kuweka kiganja chake juu ya shaba, macho ameyafumba, midomo inacheza kama mtu anayesali au anayehesabu.

Akaweka chake. Shaba ilikuwa ya baridi kali, kisha ikapata joto, kisha ikalia kidogo tu, kama kauri iliyopata ufa.

*

Ramani iliwaka ukutani na Tusekile akaisogelea. Hakuwa amewahi kuwaona kwa pamoja. Kwa miaka yote aliyofanya kazi wengi wao aliwajua kama sauti na maneno, mmoja mmoja, kila mmoja akijiona yuko peke yake duniani. Sasa walikuwa nukta za mwanga, na mji mzima ulikuwa umejaa: sokoni, kambini, mahakamani, kwenye mabweni ya vyuo, ndani ya makanisa na misikiti, hata katika jengo lenyewe la Ustawi wa Jamii, wanaochukua watoto. Barabara nyingine zilikuwa nyeupe kabisa kwa wingi wao.

Nukta moja ilikuwa mbali na zote, juu ya Kawetere, ndani ya msitu. Ilikuwa haisogei.

Wakatuma namba kwa kikosi, na wakaondoka na gari la Lugano bila kungoja. Lango la Kawetere lilimwakia Lugano jekundu, likakawia, kisha likampitisha kwa kuwa nyuma yao gari la dharura lilikuwa linapiga king'ora. Tusekile alimtazama shemeji yake upande wa uso. Kumbe naye aliwahi kuwa mgeni wa ukurasa ule. Lugano hakugeuka.

"Baada ya kaka kufa," alisema. "Usiku mwingi nilikuwa naandika. Wewe ndiye uliyenijibu."

Walimkuta ameketi chini ya msindano, viatu amevivua na kuvipanga pembeni vizuri, kama mtu aliyeingia nyumbani kwa watu. Alikuwa msichana tu, wa miaka ishirini na kidogo. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Mtoto alikuwa kifuani, ndani ya sweta, kama alivyoombwa. Tusekile alipomchukua, mtoto hakulia. Alifungua mdomo tu na kuufunga. Mtu wa kikosi akampokea, akamfunika kwa blanketi la joto, akaweka sikio kifuani, akaitikia kwa kichwa kwamba yu hai.

"Umejuaje niko huku?" msichana alimwuliza.

Tusekile alipiga magoti kwenye majani yaliyolowa na kumvalisha viatu, mguu mmoja, kisha wa pili.

*

Asubuhi iliyofuata watu walikuwa wamekwisha kusimama mbele ya Kitulizo kabla Tusekile hajafungua. Hawakuwa wamekuja na mawe. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi, mawe angeyaelewa. Walisimama wakitazama chini, kila mmoja akijitenga na mwenzake hatua mbili tatu, kama watu walio kwenye foleni ya ugonjwa wa aibu.

Barua ya Baraza la Nasaha ilikuwa imeshamfikia sikioni alfajiri, kwa sauti isiyo ya mtu: leseni yake imesimamishwa, ukurasa wa Kitulizo umepoteza hadhi ya stara. Aliisikiliza mara moja tu.

Nsajigwa aliingia wa kwanza. Alikuwa mtu mnene, mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini, na alikuwa amevaa sare ya treni ya mlimani, vifungo vyote vimefungwa. Miaka miwili nyuma alimzika mwanawe, akaja kwenye ukurasa ule, na baadaye hapa chumbani, wiki baada ya wiki mpaka siku aliposema kwamba amekula chakula akasikia ladha yake.

"Karibu ukae, kaka," Tusekile alisema.

"Sitakaa." Alivua kofia. "Lango la stesheni limewaka jekundu. Mbele ya vijana ninaowafundisha kazi. Mmoja akacheka, akidhani lango limeharibika. Likawaka tena. Msimamizi akanisogeza pembeni akaniambia, Nsajigwa, tulikuwa hatujui kwamba unaumwa."

"Nisamehe."

"Nilikuwa nimeshapona, dada. Hilo ndilo nilitaka kumwambia, lakini lango halina mahali pa kuliambia hivyo." Aliizungusha ile kofia mikononi. "Wanasema ulimwokoa mama na mtoto."

"Ndiyo."

"Wako hai?"

"Mpaka jana usiku walikuwa hai."

Nsajigwa aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Ungeniuliza, ningekubali," alisema. "Hilo ndilo linaloniuma. Ungesema, Nsajigwa, kuna mtoto wa mtu kwenye ukungu, nipe jina lako nimtoe, ningekupa. Nilishapoteza mtoto mimi. Ningekupa. Ila hukuniuliza. Ulinitoa kama mtu anayetoa kuni za jirani."

"Hapakuwa na muda."

"Najua hapakuwa na muda." Akavaa kofia. "Sikuja kukugombeza. Nilikuja kwa sababu nilitoka pale stesheni nikakosa pa kwenda, miguu ikanileta hapa, kwa mazoea."

Alitoka. Tusekile aliwapokea waliobaki mmoja mmoja, mpaka mwisho. Wengine walimtukana kwa sauti ndogo. Mwanamke mmoja alitaka tu kujua kama mumewe ataona kile alichokiandika, na Tusekile akamwambia ukweli, kwamba malango huona ulisoma ukurasa gani na hayaoni ulichokiandika. Mwanamke yule alishukuru kana kwamba amepewa zawadi, na shukrani hiyo Tusekile hakuwa na mahali pa kuiweka.

*

Mchana alikwenda hospitali. Msichana aliitwa Sekela. Alikuwa amelazwa karibu na dirisha, kitanda kimewekewa kamba nyepesi za usalama, na aliposikia sauti ya Tusekile ikimsalimu muuguzi aligeuza kichwa.

"Ndiye wewe," alisema. "Unaongea kama unavyoandika."

Tusekile alivuta kiti. Maneno ya kazi yake, yale ya kumfungua mtu na kumtuliza, yalimjia yote kwa pamoja na hakutumia hata moja.

"Nilikuambia hakuna atakayekufuata," alisema. "Nikakufuata. Nilivunja ahadi nikijua navunja."

"Mtoto wangu wamempeleka wodi ya Ustawi. Lango limenisoma. Wanasema mimi ni mama wa hatari."

"Nimesikia. Nitazungumza na..."

"Subiri." Sekela alizungumza kwa taabu, koo lake lilikuwa bado limeumizwa na baridi. "Sheria inasema mtoto apewe ndugu wa karibu. Ni mama yangu. Mama amekwenda kumchukua asubuhi. Lango likamwakia jekundu na yeye."

Tusekile alimtazama bila kuelewa.

"Alikuwa anasoma ukurasa wako," Sekela alisema. "Kila nikilala, alikuwa anaingia kusoma. Namna ya kumsaidia binti aliyejifungua akiwa na huzuni. Mimi sikujua kwamba anajua. Nilidhani nimemficha. Alikuwa anajifunza jinsi ya kuzungumza na mimi, na lango linasema yeye ndiye mgonjwa."

Akageukia dirisha.

"Ningekufa jana," alisema akikitazama kioo, "nisingejua kwamba mama alikuwa anajua. Hilo nimelipata. Lakini mtoto nimempoteza, na mama amempoteza. Sijui nikuweke wapi wewe. Nenda, tafadhali."

Tusekile akainuka.

*

Wodi ya Ustawi ilikuwa mwisho wa ukumbi, nyuma ya lango la kioo kizito. Mbele yake kwenye benchi alikaa mwanamke wa makamo, vitenge viwili, mkoba mkubwa wa nguo za mtoto miguuni. Hakuhitaji kuulizwa ni nani. Uso wa Sekela ulikuwa humo, umekomaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nawe umekataliwa?"

"Bado sijajaribu."

"Usijisumbue. Leo lango hili limekataa watu hata limenitia huruma lenyewe." Akasogea kumpisha.

Tusekile akaketi. Kutoka ndani kilisikika kilio cha watoto, zaidi ya mmoja, na hakikukoma. Muda ukapita. Akaona kwamba mbele ya lango alisimama pia muuguzi mwenye kitambulisho cha wodi hiyohiyo, jina lake Edina, ameshika chupa za maziwa kwenye sinia. Alikuwa anasogea, taa inawaka nyekundu, anarudi nyuma, anasogea tena. Alifanya hivyo kama mtu anayejaribu ufunguo uleule kwenye kufuli lililobadilishwa.

"Ndani kuna nani?" Mama Sekela alimwuliza.

"Hakuna mtu." Muuguzi hakugeuka. "Wa zamu aliyekuwa ndani tangu jana mchana alitoka saa ya chakula, lango likamkataa kurudi. Nikaitwa mimi kutoka nyumbani. Nami limenikataa. Wamemwita wa tatu." Chupa ziligongana kwenye sinia. "Nilisoma ukurasa ule mara moja tu. Mwaka juzi, nilipojifungua. Mara moja, nikafunga. Nilidhani nimefunga."

Kilio cha ndani kilibadilika, sauti moja ikakwaruza na kupanda juu ya nyingine. Mama Sekela alisimama.

"Hiyo ni ya Atuganile," alisema. "Huyo ndiye wetu. Anataka maziwa."

Ukutani, kando ya lango, kulikuwa na mkono mwekundu wa dharura ya moto. Ukivutwa, malango yote ya jengo hufunguka, na aliyeuvuta bila moto hufikishwa mahakamani. Tusekile aliuona. Akaona pia kwamba muuguzi ameuona, na kwamba ameutazama muda mrefu kabla wao hawajafika.

"Niachie mimi," Tusekile alisema akiinuka. "Mimi sina leseni ya kupoteza tena. Na hili lote nimelianzisha mimi."

"Wewe ni nani?" muuguzi aliuliza.

"Ni mimi niliyevunja lakiri."

Muuguzi Edina alimtazama. Chuki ilipita usoni mwake waziwazi, wala hakuificha. Kisha akaweka sinia la maziwa juu ya benchi.

"Jana ulituamulia sisi wote," alisema. "Leo hapana. Leo naamua mwenyewe."

Akavua kipuli sikioni, akakiweka kando ya chupa, akauvuta ule mkono.

King'ora kikalia. Lango la kioo likafunguka taratibu, na taa yake, kwa mara ya kwanza siku hiyo, haikuwa na rangi yoyote. Muuguzi akachukua sinia lake na kuingia mbio. Mama Sekela akamfuata, akiita jina la mjukuu wake kana kwamba mtoto wa miezi minne angeitika.

Tusekile alibaki nje. Aliwaona kupitia kioo, muuguzi akienda kitanda hadi kitanda, bibi akiinama na kuinuka na kifurushi. Huko mwanzo wa ukumbi zilianza kusikika hatua za walinzi. Mama Sekela alitoka, mtoto begani, chupa imeshikwa kwa kidevu. Akamkabidhi Tusekile mtoto bila kuuliza, ili apate mikono ya kufunga kitenge.

Mtoto alikuwa mzito kuliko jana. Alikuwa wa moto. Alinyonya chupa yake macho wazi, akimtazama Tusekile bila kumjua.

"Mama," Tusekile alisema, "umesikia nilichomwambia muuguzi. Ni mimi."

"Nilikujua ulipoketi. Sekela aliniambia unaandika kama mtu anayebembeleza, na ndivyo unavyoongea." Bibi alikaza fundo la kitenge, akamchukua mtoto, akamweka mgongoni kwa mjongeo mmoja. "Sitakushukuru. Na kukulaani sitakulaani, sina nguvu hizo leo. Walinzi wanakuja, na mimi nampeleka huyu akaonane na mama yake kabla hawajatufikia."

Alianza kutembea. Baada ya hatua chache akasimama, akageuza uso nusu.

"Shika huo mkoba," alisema. "Twende."